Dunia Iliyotolewa Tanurini Mapema

Chumba tulicholala utotoni kilikuwa na joto mwaka mzima, kwa sababu ukuta wake ulipakana na tanuri. Mjomba wangu alikuwa mwokaji mikate. Sisi tulipoamka kwenda shule, yeye alikuwa ameshakanda, ameshaoka, na sasa anapanga mikate rafuni huku macho yamemwiva kwa usingizi. Tuliamshwa na harufu, si na saa. Hata leo nikipita penye duka la mikate asubuhi, miguu hugoma kwenda.

Kwa mkate, Mjomba hakuwa na mzaha. Kila alioutoa tanurini aliugeuza, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole, huku ametega sikio. Ukilia kama kopo tupu, umeiva. Ukitoa sauti nzito, unarudi ndani. Hakuukata kuuchungulia, maana nani angenunua mkate uliokwisha kukatwa? Tulimtania kwamba anaupigia hodi. Alitujibu kuwa siku mkate utakapoitikia "karibu", atafunga duka akimbie.

Binti yake tulimwita Hamira, kwa kuwa hakujua kutulia. Ukimwacha hapa, ukigeuka ameshafurika kwingine. Tulilelewa pamoja na tulisoma darasa moja, kwa hiyo yaliyompata niliyaona yote.

Mwaka huo mwalimu wa jiografia alitufundisha habari za tumbo la dunia. Juu kuna ganda jembamba tunalolikanyaga. Chini yake kuna tabaka nene la miamba ya moto. Ndani zaidi kuna kiini cha nje, ambacho ni chuma kilichoyeyuka, na katikati kabisa kiini cha ndani, kigumu. Alitutaka kila mmoja atengeneze kielelezo, na atakayefanya vizuri angezungumza mbele ya wageni siku ya wazazi. Ila alituachia swali la kwenda nalo nyumbani: haya yote yamejulikanaje, ilhali shimo refu kuliko yote lililowahi kuchimbwa halijalivuka hata hilo ganda?

Hamira aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona, na sababu yake niliijua. Mjomba hakuwahi kufika shuleni kwetu. Vikao vya wazazi viliangukia saa zake za kulala, na wenzetu walikuwa wameanza kuuliza kama kweli Hamira ana baba. Alimbembeleza baba yake mpaka mzee akasalimu amri.

"Ukichaguliwa kusema, mwanangu, nitakuja," alimwambia. "Usingizi utanisubiri."

Basi Hamira akaamua kuoka dunia. Mjomba alimpa donge la unga uliokandwa, akamwonya kwamba donge kubwa hivyo linataka moto mdogo na subira, na asilitoe kabla hajaligonga. Kisha akaenda kulala. Hamira aliligawa donge, akalitia rangi za chakula, akaviringisha kiini cha manjano, akakizungushia unga wa rangi ya chungwa, kisha mwekundu, na nje akalifunika kwa unga mtupu uliosukumwa mwembamba. Kwa kweli lilipendeza. Lakini subira hakuwa nayo. Aliongeza moto, na muda si muda nje pakawa kahawia. Alilitoa, akaligeuza, akaligonga. Lilitoa sauti ya godoro.

Nilimwambia bado. Alinijibu kwamba ganda limeiva, na kwamba dunia hailiwi. Alilifunga kwa kitambaa, mambo yakaishia hapo.

Kesho yake darasani, Hamira alilikata mbele yetu sote. Unga mbichi ulichuruzika dawatini pake, chungwa limeingia kwenye manjano, nyekundu imekwenda kote. Darasa liliangua kicheko. Mwalimu alituliza kelele, akainama kutazama kwa makini.

"Ulitaka kuonyesha kiini cha nje kilichoyeyuka?" aliuliza kwa upole.

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi kabisa. Jirani yake wa dawati, kijana tuliyemwita Redio kwa kutofunga mdomo, alimkanyaga mguu na kumnong'oneza akubali. Neno moja tu, na nafasi ya kumleta baba yake ingekuwa mfukoni.

"Hapana, Mwalimu," alisema. "Halijaiva. Nilikuwa najua tangu jana. Nililigonga likalia zito, nikalitoa hivyo hivyo."

Alikuwa ameanza kulia. Mimi nilitazama chini, maana niliwaza safari ya Mjomba imekufa. Lakini Mwalimu alivuta kiti, akaketi.

"Hebu rudia," alisema. "Ulijuaje ya ndani bila kulikata?"

Hamira akaeleza, kwa kwikwi, jinsi nyumbani kwao mkate unavyogongwa. Mwalimu akatugeukia. Akasema tetemeko la ardhi ndilo linaloigonga dunia. Mitikisiko yake hupita ndani kwa ndani, na mitambo iliyowekwa pande zote za dunia huisikiliza. Kuna mawimbi yanayopita katika kigumu na katika kimiminika. Mengine hupita katika kigumu tu, na hayo, yakikifikia kiini cha nje, hayavuki. Mitambo ya upande wa pili huyangoja bure. Ndipo watu wakajua kwamba mle ndani kuna kilichoyeyuka. Alimwagiza Hamira aje siku ya wazazi na mikate miwili, mmoja ulioiva na mmoja mbichi, awagongee wageni.

Mjomba alikuja. Alivaa shati lililonyooshwa, na masikioni alikuwa bado na unga. Hamira aligonga mikate yake, akaeleza matetemeko bila kukwama, kisha akasimulia kwa kinywa chake mwenyewe habari za dunia yake ya kwanza. Wazazi walipoulizwa kama wana maswali, Mjomba alisimama. Alisema yeye hana swali, amekuja kumsikiliza mwanawe tu, akaketi. Hamira alitabasamu hadi akasahau kushuka jukwaani.

Tukirudi nyumbani, Mjomba alimgeukia Hamira.

"Mkate ulikwambia ukweli, ukajifanya huusikii," alimwambia. "Hilo ni kosa, na kazi ya haraka huzaa hayo. Lakini ulipoulizwa, ulisema lililokuwemo ndani, ingawa ulijua utanikosa. Mtu wa namna hiyo nitamfuata popote, hata kama sijalala."

Hamira alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipoanza kujiona mkubwa. Wakaenda hivyo mpaka dukani, mimi nyuma yao na mikate kwapani. Mjomba amekwisha kufariki, na tanuri lilibomolewa zamani. Natamani sana kuirudia barabara ile, nitembee nyuma yao tena.