Hodi ya Chumba cha Barafu

Rafiki yangu Azan, fundi mitambo wa Bagamoyo, siku hizi akipigiwa hodi haitikii.

Alikuwa Kerege, ndani ya chumba cha barafu cha samaki, mlango ameurudishia ili baridi isitoke. Aliunganisha kufuli la umeme na mtandao, mwenzake Hanadi aweze kulikagua akiwa Dar. Wakijaribu mawasiliano, Hanadi huandika "Hodi", naye hujibu "Karibu".

"Hodi" ikatokea kwenye kompyuta mpakato aliyokuja nayo. Akajibu. Kufuli likalia kacha, taa ikazimika. Akausukuma mlango, wapi!

Simu ikaita, ni Hanadi. "Kaka Azan, niwie radhi, huku umeme umekatika. Sijaunganisha bado."

Kwenye kompyuta pakaandikwa: "Ahsante. Nimeshakaa."

Nyuma yake, gizani, kreti tupu likalia kama limekaliwa.