Sufuria Iliyomeza Sauti ya Dada

Jua lilikuwa linaaga Hoja alipotoka kwa dada yake na sufuria kwapani, mfuniko ukigongagonga kila alipokanyaga. Alikuwa anakwenda kuirudisha dukani. Basi. Chombo kibovu kinarudishwa, kama kiatu kinachobana.

Hoja ni jina alilopewa nyumbani kwa sababu ya kubishana, na chuoni wenzake wa mdahalo wakalidaka wasiliachie. Uchawi alikuwa anaucheka. Aliyemchefua zaidi ya wachawi wote ni shemeji yake, bwana mmoja mwenye shati lililonyooka na akili iliyokunjamana.

Shemeji huyo ndiye aliyempeleka mkewe kuchagua sufuria. Ndani ilikuwa na rangi nyeusi inayong'aa, ya kuzuia chakula kisigande. Muuzaji alimwambia dada ainame, aseme neno lolote ndani, asikie inavyoitika. Chuma chembamba hakiitiki, alisema.

"Sema, 'Ndiyo, mume wangu,'" shemeji akaamuru.

Dada, ambaye utani ulikuwa haumpiti, akacheka kwanza, akainama, akasema, "Mume wangu hata maji yanamuungulia!"

Wapita njia walishika mbavu. Shemeji hakucheka.

Tangu sufuria ile ipande jikoni, sauti ya dada ilianza kupungua. Kwanza alishindwa kuimba. Kisha akashindwa kumwita jirani dirishani. Sasa alikuwa anachezesha midomo tu. Daktari alimmulika koo, hakuona kidonda wala uvimbe.

"Ni hii rangi," Hoja alisema jioni ile, akinyanyua sufuria. "Ikipata moto mkali inatoa mvuke mbaya. Dada anauvuta kila siku."

Shemeji alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli. "Acha fitina, shemeji. Nyumba imetulia sasa. Mtu unasikiliza hata taarifa ya habari mpaka mwisho."

Hoja alimtazama kama mtu anavyotazama alichokikanyaga barabarani. Dada alimshika mkono, akauminya kwa nguvu, midomo ikitetemeka bila neno. Hapo ndipo Hoja alipoondoka.

Duka lilikuwa limebanwa kati ya fundi cherehani na ghala la saruji. Taa haikuwa imewashwa. Sufuria zilipangwa rafu kwa rafu hadi darini, zote zimelazwa ubavu, midomo imeelekea mlangoni. Hakuna hata moja yenye mfuniko.

Na harufu... Haikuwa harufu ya chuma kipya. Ilikuwa harufu ya pumzi. Pumzi ya mtu aliyeshinda na njaa.

"Karibu, binti."

Muuzaji alikuwa pande la mtu, lakini sauti yake ilikuwa kama upepo unaovuja kwenye tairi. Alipokea sufuria ya dada, akamwachia Hoja mfuniko mkononi, kisha akasukuma sufuria nyingine mpya katikati ya meza.

Wazi.

"Sema shida yako," alinong'ona.

Hoja akasema. Akaweka mikono pande zote mbili za sufuria ile, akainamia meza kama anavyofanya kwenye mdahalo, akamshushua. "Unawauzia watu takataka! Chombo cha kupikia kinatakiwa kiwe kizito chini, moto usambae. Hiki chako kitako kama karatasi! Vishikio vinacheza, mtu amwagikiwe na uji wa moto. Na rangi gani hii inatoka kwa mwiko wa mti? Mama wa watu anawalisha watoto wake rangi! Heri uuze chuma kitupu mtu ajue anasugua nini!"

"Unaongea vizuri," muuzaji alinong'ona. "Endelea."

"Nitaendelea! Mtu mzima na mwili wako, huna aibu?"

"Endelea, binti..."

Hakuna aliyewahi kumsikiliza Hoja kwa makini namna ile. Akaendelea. Koo likaanza kuwasha. Maneno yakaanza kutoka membamba, kama maji ya bomba siku ya mgao. Akanyamaza ameze mate.

Maneno hayakunyamaza.

"...huna aibu..."

Ilikuwa sauti yake. Ilitoka ndani ya sufuria iliyokuwa chini ya kidevu chake.

Aliubamiza mfuniko wa dada juu yake. Kimya. Alipoinua macho, muuzaji alikuwa ameshaichomeka sufuria ya dada rafuni, katikati ya zile nyingine. Zote zilifanana.

"Haya, itafute uliyoileta," alisema. Sauti yake ilikuwa imenenepa kidogo. "Gonga usikie. Ila ukitoka na isiyo yenyewe, ndiyo umechagua. Ya dada yako inabaki kwangu."

Hoja alifungua mdomo amjibu. Akaufunga. Sauti ya dada ilikuwa humo rafuni. Huyu mtu alikuwa anakula maneno, na yeye ndiye aliyekuwa amempakulia.

Akagonga ya kwanza kwa kifundo cha kidole.

"Ndiyo, mume wangu," ikaitika sauti ya mwanamke asiyemjua.

Akagonga nyingine. "Ndiyo, baba."

Nyingine. "Nimekoma, sirudii tena..."

Akapita rafu nzima. Sauti za wanawake, moja baada ya nyingine, wapole, wamenyooshwa. Kila mmoja aliletwa hapa na bwana wake, akaambiwa ainame. Nini kilichowatisha sana hawa mabwana? Mwanamke kusema chumvi imezidi? Hasira zilimpanda Hoja mpaka machozi, na hakuthubutu hata kusonya.

Giza lilikuwa linajaa dukani. Nyuma yake muuzaji alikuwa anahema.

Akagonga ya rafu ya chini. Kikatoka kicheko kwanza. Kisha, "Mume wangu hata maji yana—"

Akaikwapua, akakimbilia mlangoni. Sufuria rafuni zikaanza kuvuma zote kwa pamoja, kama watu wanaoita kutoka ndani ya maji. Hakugeuka. Angeweza kubeba moja tu.

Alipofika barabarani ndipo akasikia mfuniko unainuliwa kule mezani... taratibu.

Nyumbani kwa dada hakusalimia mtu. Akaitia sufuria kwenye beseni, akachukua waya wa kusugulia, akasugua kwa nguvu zake zote. Rangi nyeusi ikabanduka kama ngozi ya jipu. Dada akajishika koo, akaanza kukohoa.

Shemeji akaja mbio. "Unaharibu! Hiyo haiguswi na waya, niliambiwa!"

"Uliambiwa nini kingine?" Hoja akauliza. Sauti yake ilikwaruza.

Shemeji akatazama dari. "Kwamba... itatuliza nyumba tu. Kidogo. Sikujua kama itafika huku."

"Kidogo! Ulitaka akabwe kidogo?"

Dada akakohoa mara nyingine, akatema kitu cheusi kwenye beseni. Akajifuta mdomo. Akamgeukia mumewe.

"Wewe," alisema, polepole, kwa sauti yake mwenyewe. "Wewe ndiye uliyeniambia niiname."

Shemeji alilala kwa mama yake usiku ule, na kesho yake, na mpaka leo, wala hakuna aliyetumwa kumbembeleza.

Asubuhi Hoja alirudi dukani na wenzake na nyundo, kwa ajili ya wale aliowaacha. Rafu zilikuwa tupu. "Amehama alfajiri," fundi cherehani alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Kapata na msichana wa kumnadia. Ana mdomo huyo!"

Dada anaimba siku hizi anapopika, kwenye sufuria nzito ya chuma cha pua, isiyopakwa kitu. Hoja naye anaongea. Hoja zake chuoni ni zilezile, kali na zimepangika. Ila akisimama kwenye mdahalo watu wanatazama saa, wanapiga miayo. Maneno yanatoka, hayamshiki mtu.

Wiki iliyopita mwenzake wa darasa alimpiga kikumbo cha utani mlangoni. "We Hoja, msiri wewe! Kumbe jioni unauza vyombo kule ng'ambo ya pili? Sikukuona, ulikuwa ndani gizani, lakini sauti yako siipotezi. Baba alikuwa anasita, ukamlainisha mpaka akatoa hela."

Hoja akamvuta kando. "Mama yako alikuwepo?"

"Si ndiye aliyechaguliwa sufuria!"

"Aliinama?"

Mwenzake akacheka. "Sasa unaniuliza mimi? Si wewe ndiye uliyemwambia."