Mtu Tuliyempisha

Niseme mapema tusije tukadanganyana: mimi gofu siipendi. Kumfuata mtu mzima kutwa nzima anatafuta kampira kwenye majani, kwangu mimi hiyo ni adhabu. Lakini kaka yangu ni kaka yangu, tumezaliwa tumbo moja, basi nikaenda.

Kaka alikuwa mpima ardhi. Kazini walimwita Kamba, maana hakuna aliyewahi kumwona bila kamba ya kupimia mkononi, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata mkewe akawa anamwita hivyo hivyo. Alipostaafu akaishika gofu kwa mikono miwili. Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Daktari akampa vidonge, akamkataza chumvi, ngazi na hasira. Gofu hakumkataza, nadhani ilimpitia tu.

Ndipo Kamba akatangaza kwamba kabla miguu haijagoma atasafiri nje, akacheze viwanja vya pwani. Si vile vya kwenye televisheni. Yeye alitaka vile vidogo vya kando, vilivyobanwa kati ya bahari na mashamba ya watu, ambavyo hata wenyeji wanapita barabarani wasijue kama kuna uwanja. Familia nzima ikageuka kunitazama mimi, kwa kuwa nimestaafu uuguzi katika wodi ya moyo. Siku ya safari wifi yangu alinishika mkono getini, akasema, "Wifi, nirudishie mume wangu." Nikamwambia nitamrudisha mzima, na kelele zake zote.

Basi tukazunguka. Nasema tukazunguka, yeye anapiga, mimi nakokota kigari cha fimbo. Kila asubuhi nyumba nyingine ya wageni, mayai yale yale, soksi hazijakauka juu ya hita, na upepo usio na adabu. Siku ninayoisimulia tuliamka wote tumechoka. Nilimkuta Kamba mezani ameshika kikombe cha chai, chai imeshapoa, hajanywa hata tone. Nikamwambia leo tulale. "Kimoja tu, Sista," akasema. Ananiita Sista tangu nilipovaa gauni jeupe la wodini. "Kesho tutalala mpaka tuchoke kulala."

Uwanja wenyewe ulikuwa na kibanda cha mbao na mama mmoja wa makamo aliyevaa koti la mvua humo humo ndani. Alikuwa anaosha vikombe. Alituambia tuko peke yetu siku hiyo, kisha akatueleza jambo moja. Kuna sehemu mbili ambapo njia inashuka bondeni, na aliye juu ya tuta hamwoni aliye chini. Kwa hiyo kila bonde lina kengele. Ukimaliza shimo la bondeni na ukatoka, unaivuta, ili wa nyuma yako ajue chini ni salama, apige mpira wake.

"Leo nyuma yenu hakuna mtu," akasema. "Kwa hiyo msiipige."

"Na tukiipiga?" Kamba akauliza kwa utani wake.

Mama yule alifuta kikombe, akakigeuza, akakifuta tena. "Msiipige tu, baba."

Tukaanza. Mwanzo ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Nyasi fupi, vilima vya mchanga, bahari inanguruma upande wa kushoto. Ukungu ukaanza kupanda kutoka majini, mwembamba tu. Tukafika bonde la kwanza, Kamba akamaliza shimo lake, akarudisha bendera shimoni, tukapanda kutoka. Njiani palikuwa na mlingoti na kengele ya shaba. Sijui niseme nini. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Mcheza gofu wa miaka mingi kutoka bondeni bila kupiga kengele ni sawa na dereva kukata kona bila kuwasha taa. Ililia kwa nguvu, ukungu ukaimeza.

"We! Si tumekatazwa?"

"Aa, mazoea, Sista. Kengele inauma?"

Hatujamaliza kupanda, nikasikia kitu kimeanguka nyuma yetu. Pu. Nikageuka. Kulikuwa na mpira mweupe pale chini, karibu na bendera, bado unaviringika.

Juu ya tuta la ng'ambo hapakuwa na mtu. Kamba yeye alifurahi. "Kumbe tuna mwenzetu," akasema, akaongeza mwendo.

Tangu hapo, kila alipopiga na tukasogea, mpira ulianguka nyuma yetu. Sikusikia fimbo ikigonga. Sikusikia kikohozi wala mguno. Kuanguka tu. Na kila mara karibu zaidi. Kamba alianza kuhema. Midomo yake ikapauka, na mimi midomo ya namna ile naijua, nimeitazama maisha yangu yote. Nikamwomba akae. Hakusikia. Kaka yangu anaweza kupita mtu bila salamu, lakini kumchelewesha mchezaji mwenziwe hawezi, atakufa kwa aibu. Ndivyo walivyo hao watu. Aliye taratibu anasimama kando, aliye mbio anapita.

"Tumpishe," akasema.

"Tumpishe nani?"

Alisimama pembeni ya njia, akainua mkono juu, akauvuta kwake. Pita.

Upepo ukakata. Wa tangu asubuhi, ukakata hapo hapo. Nikaona majani yanalala. Hapa. Halafu hapa. Halafu hapa. Mguu, mguu, mguu. Ulikuja ubaridi wenye harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Nyayo zilifika mbele yetu, zikasimama. Nilihesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu. Kisha majani yakalala mbele kidogo, na mbele tena, mpaka kwenye ukungu.

"Umemwona?" nikanong'ona.

"Mtu mzima," Kamba akasema. "Kachoka kama mimi."

Mimi sikuona mtu.

Nikamwambia tunarudi. Akasema njia ya kurudi ndiyo hiyo hiyo, inapita bonde la pili, na kibanda kiko ng'ambo yake. Kweli nilikiona kibao kinachoelekeza. Tukaenda. Tulipofika ukingoni, bonde lilikuwa limejaa ukungu pomoni, huoni chini. Kamba akajitupa juu ya mkoba wa fimbo.

Kengele ikalia chini.

Mara moja. Taratibu.

"Ametoka," Kamba akanong'ona. "Anatuita."

Akainuka. Hakuchukua fimbo. Hakuchukua mpira. Akaanza kushuka.

"Kamba. Fimbo zako."

"Sizihitaji."

Nilimrukia. Nilimshika mkanda wa suruali kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikamshika kifundo cha mkono, pale penye mapigo. Mazoea ya kazi. Nikatafuta mapigo. Hakuna. Nikabonyeza. Hakuna. Kengele ikalia. Pigo moja. Kimya. Kengele. Pigo moja. Kimya kirefu kuliko cha kwanza. Moyo wa kaka yangu ulikuwa unangoja kengele, na kengele ilikuwa inachelewa makusudi.

"Niache, Sista." Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio ulionitisha kuliko vyote. "Zamu yetu imefika. Nimechoka."

Nikalia. Sioni haya kusema. Nilimwambia, "Umechoka, na mimi nimechoka! Utachokea kwako!" Nikamvuta kinyumenyume, mwanamume mzito yule, nikaanguka, nikamvuta nimeanguka. Tulipita juu ya vilima vya mchanga, tukatumbukia ufukweni, tukatembea ndani ya maji, viatu na vyote. Nilitaka kelele za mawimbi ziifunike ile kengele. Iliendelea kulia. Ililia bila hasira, kwa subira tu. Mahali fulani nikagundua siisikii tena, na chini ya vidole vyangu mapigo yanakimbia ovyo, mengi, mazuri.

Fimbo tuliziacha kule kule. Mama wa kibanda alituona tunatoka ufukweni tumelowa, akamkalisha Kamba karibu na jiko. Alinivuta kando, mlangoni.

"Mlimpisha?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alinitazama kwa huruma niliyoizoea, ile tunayowapa ndugu wa mgonjwa kwenye korido.

"Basi sasa yuko mbele yenu," akasema.

Nilidhani anazungumzia uwanja.

Tulirudi nyumbani kwa ndege ya kwanza tuliyopata. Wifi alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Daktari akasema moyo uko vizuri kuliko alivyotarajia. Kamba alikonda kidogo, lakini alikula, alibishana na redio, alimlalamikia mkewe juu ya pazia. Nikarudi kwangu, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza zamu yake.

Haikupita muda wifi akanipigia simu. Alisema njoo uone kitu, si cha kusema kwenye simu. Nikaenda. Alinionyesha nyasi za uani, kando ya kinjia cha kutoka mlangoni kwenda getini. Kulikuwa na alama za viatu viwili, vimesimama sambamba, nje kidogo ya njia, vidole vikielekea kwenye njia yenyewe. Mtu akikupisha husimama hivyo. Ndani ya alama kulikuwa na vitundu vidogo vidogo vya meno ya viatu vya gofu. Jua lilikuwa kali la mchana, nyasi zote kavu, ila pale palikuwa panachuruzika maji.

"Nimepachimba, nikapanda nyasi nyingine," wifi akasema. "Asubuhi zimerudi. Na mwanzo zilikuwa kule getini."

Jioni Kamba alitoka kwenda dukani. Alipofika pale alinyoosha kiganja, akakishusha kidogo, akapita. Nilimfuata nikamuuliza unamsalimia nani.

"Simsalimii," akasema. "Namwambia bado kidogo."

Nimehamia hapa. Kila siku nachukua kiti changu, nakiweka juu ya zile alama, nakaa. Nashona, nachambua mboga, nasinzia. Majirani wanaona nimezeeka vibaya, na waone. Nimemwambia huyo mtu kwa sauti yangu ya wodini: hapa mgonjwa hatoki. Wifi ananiletea chai. Miguu yangu haipati joto hata saa sita mchana, lakini sijainuka.

Leo niliinuka kunyoosha mgongo, nikatazama chini ya kiti. Pakavu. Nyasi zimesimama, hata dalili hakuna. Nikamshukuru Mungu wangu, nikakibeba kiti changu nikikimbia ndani kumpa wifi habari.

Kwenye saruji ya ukumbini, kando ya mlango wa chumba cha Kamba, kulikuwa na maji. Umbo la viatu viwili, sambamba, vimeuachia mlango nafasi.

Na ndani nikamsikia kaka yangu, kwa ile sauti yake ya upole, anamuuliza mkewe viatu vyake viko wapi.