Damu Kinywani mwa Tulia

Bwana wangu mwenyewe ndiye aliyeshika kamba!

Théogène, ambaye asubuhi ile ile alikula viazi nilivyompikia, alikuwa amesimama katikati ya lupango, uani kwetu, akimfunga mbwa wangu shingoni. Nyuma yake mdogo wake, shemeji yangu Habumugisha, na panga mkononi.

"Munafanya nini?!"

"Francine, toka hapo. Kondoo ya tatu imekufa. Shingo imepasuliwa na meno."

"Na juu ya nini munakamata mbwa yangu?"

"Juu batu banasema ni yee."

"Batu gani?!"

Théogène akakaza fundo la kamba.

Ngojeni niwaeleze, ndugu zangu, mjue hasira yangu ilitoka wapi.

Mimi ni mtoto wa msituni, Walikale, upande wa Omate. Baba yangu, Papa Michel, ni mwindaji. Nilipoolewa huku Kashuga, kwenye vilima vya Masisi, wenzangu walikuwa wanapewa masufuria. Mimi baba alinipa mbwa! Akampa na jina kabisa: Mutasema. Yaani semeni mpaka mchoke, mtoto wangu ameolewa.

Mutasema ni mbwa wa kwetu. Mdogo, mwekundu, masikio wima, na habweki. Habweki kabisa! Ndiyo maana kwetu mbwa wa kuwinda huvalishwa kengele ya mti shingoni, mwenyewe ajue yuko wapi. Huku mama mkwe alisema ile kengele inamsumbua kwenye maombi. Nikaivua siku hiyo hiyo.

Alikuwa analala jikoni kwangu, kichwa juu ya miguu yangu. Huyo ndiye muuaji?

Sasa kulikuwa na Tulia, mbwa wa Habumugisha wa kulinda kondoo. Mkubwa, mzito, manyoya yamejaa matope, sauti kama ngoma ya kanisa. Nikikaribia zizi ananionyesha meno. Miaka miwili hakunizoea hata kidogo, na mimi sikumpenda.

Na asubuhi ile kinywa cha Tulia kilikuwa chekundu.

"Angalieni kinywa ya uyu!" nilipiga kelele. "Ile damu ni ya nani?!"

Wote wakageuka.

Habumugisha aliangusha panga.

"Shemeji, hapana. Tulia alilelewa mu zizi tangu macho yake haijafunguka. Kondoo ni bandugu yake. Akiona moja imeumia, anailambaka. Njo ile damu."

Nilicheka. Nilicheka mbele ya watu wote!

"Kwa ivi mbwa yako iko dokta?"

"Minakuomba, shemeji..."

"Yangu akikufa leo, na mimi narudia kwetu leo! Théogène, chagua!"

Bwana wangu aliniangalia. Akamwangalia mdogo wake. Kisha akafungua kamba shingoni mwa Mutasema, akatembea nayo polepole mpaka kwa Tulia.

Tulia hakukimbia. Alimtingishia mkia, kwani alikuwa anamjua tangu utotoni.

Yaliyofuata siandiki.

Habumugisha aliingia ndani akafunga mlango. Tangu siku ile hakunisalimia tena. Nikasema moyoni, anune tu! Si nimeshinda?

Siku ya nne, mchana, Papa Michel akanipigia simu. Kwao mpaka apande kilima kutafuta rezo, yaani mtandao, kwa hiyo akipiga nafurahi. Nikamsimulia yote kwa majivuno, jinsi nilivyomwokoa mbwa wake. Nilikuwa nangoja sifa.

Baba akaniuliza:

"Francine. Unamupelekaka kuwinda mara ngapi kwa juma?"

"Kuwinda wapi, papa? Huku hakuna pori. Iko malisho na mashamba tu."

"Kwa ivi anashindaka anafanya nini?"

"Anakula muzuri, analala."

"Miaka mbili?!"

"Ndiyo, papa."

"Na kengele iko naye?"

"Niliitoa..."

"Wee mutoto wee!" Sijawahi kumsikia baba akinguruma vile. "Mbwa ya kazi unamugeuza mugonjwa ya kulala? Ule damu yake ni kukimbiza! Akikosa nyama ya pori, atakamata ile iko karibu, na hautasikia kitu! Iko wapi sasa hivi?"

Niligeuka. Jikoni hakuwepo!

"Kimbia ku zizi!"

Nilikimbia na simu mkononi. Kondoo walikuwa wamejibana pembeni wanatetemeka, hakuna hata mmoja anayelia. Na katikati yao Mutasema wangu, mpole wangu, amemkaba mwana-kondoo shingoni.

Aliponiona akatikisa mkia. Akaniletea! Akamweka miguuni pangu kama alivyofundishwa na baba.

Ndugu zangu, hapo hasira ilinirudia mwenyewe. Juma lile lote kabla hajauawa, Tulia alibweka mpaka sauti ikamkauka. Mutasema alikuwa mtu wa nyumbani, Tulia hangeweza kumng'ata. Alikuwa anatuita. Na mimi nilikuwa namrushia mawe anyamaze!

Mjinga mimi! Jeuri mimi!

Nilichukua kamba, nikamfunga Mutasema, nikagonga kwa Habumugisha.

"Shemeji... Ni yee. Na kosa ni ya mimi. Shika."

Aliitazama ile kamba mpaka nikatamani anipige.

"Sitamuua," alisema. "Uyu hana kosa. Alifanya kazi yenye alizaliwa nayo. Papa yako amurudishe mu pori."

Nikapiga magoti, nikaanza kumshukuru.

"Ngoja, haiyaisha. Mbwa ya zizi inalelewa miaka mbili. Mpaka pale, kazi ya Tulia utafanya weye."

Nikadhani ni hasira tu, itapita.

Haikupita! Simulizi hii naiandika nikiwa malishoni, fimbo kwapani, mvua inaninyeshea, kondoo kumi na tisa mbele yangu. Mtoto wa mbwa aliyechaguliwa na shemeji ana miezi mitatu tu, analala katikati ya wana-kondoo. Mutasema yuko Omate, anakimbia porini mpaka jioni, na baba anasema akirudi hataki hata kuangalia mbuzi wa jirani.

Sasa ninyi wasomaji wangu mnaoniandikia kwa pembeni, kwenye simu, "Dada, nitafutie mbwa ya bazungu, mukali, nimufunge ku balkoni pale Goma"... Aibu yenu! Mbwa hachaguliwi kwa masikio wala kwa ukali. Uliza baba yake na babu yake walikuwa wanafanya kazi gani. Halafu angalia maisha yako: unatembea ao unakaa? Una uwanja ao una chumba kimoja? Ukimlazimisha aishi maisha ya mbwa mwingine, damu itamwagika, na mara nyingi itakuwa ya asiye na kosa.

Habumugisha bado hanisalimii. Leo asubuhi amepita hapa, akamkuna yule mtoto wa mbwa masikio, akahesabu kondoo mmoja mmoja mbele yangu, akaenda zake.