Springi za Kalibu ya Zuhura

Nyumbani kwa Zuhura, pale Likombe, siku ilianza na harufu ya mafuta ya nazi. Akina mama wa kikundi walikutana uani kwake kutengeneza sabuni. Sabuni ikishaganda waliikata vipande. Kisha kila kipande kilitiwa ndani ya kalibu ya chuma ili kipate umbo na jina la kikundi.

Kalibu ile ilikuwa sanduku dogo. Sakafu yake ilikalia springi mbili. Mtu akivuta mpini, kifuniko kilishuka na kuishindilia sabuni, na springi zikabonyea. Akiachia, springi zilijinyoosha na kuiinua sabuni mpaka juu.

Mwaka ule wa 1972 springi moja ilikatika. Ilikuwa imeliwa na kutu.

Selemani, mume wa Zuhura, alikuwa utingo wa malori kwa muda mrefu. Kila kitu cha chuma alikiona ni fani yake.

"Usihangaike, Mama Asha," alimwambia mkewe. "Springi ni springi."

Akang'oa springi za kiti kibovu, akazitia. Sabuni zikakwama ndani. Felista, jirani yao, akazichokoa kwa kisu, na pembe zote zikameguka.

Selemani hakukata tamaa. Alirudi na springi nene za klachi ya lori.

"Njia ya Kilambo imenifunza," alisema. "Gari lenye springi laini halifiki."

Sasa wanawake wawili walilazimika kuning'inia kwenye mpini. Maandishi yalitokea nusunusu. Mpini ulipoachiwa, sabuni iliruka kama panzi na kupasuka. Akina mama wengine walicheka. Zuhura hakucheka.

Wiki hiyo Bibi Maendeleo, ofisa wa serikali aliyesimamia vikundi vya akina mama, alipita kuwatembelea. Aliitazama kalibu, akasema kwa upole, "Dada zangu, hii ni ya kuazima. Nikirudi Alhamisi nikaikuta imelala, nitawapelekea wenzenu wa Kilambo. Nao wanaingoja."

Zuhura aliumia sana. Shambani alifanya kazi ya familia, na jikoni vilevile. Sabuni ndiyo kazi pekee aliyoianzisha mwenyewe.

Jumapili, baada ya kanisa, Felista alimleta mumewe. Mathayo alikuwa fundi wa mitambo bandarini.

"Shemeji, tusaidie," Zuhura alimwambia. "Watatunyang'anya."

Mathayo alizipanga springi chini. "Hakuna mbaya hapa," alisema. "Kila moja ina kazi yake. Leteni ndoo ya maji."

Alichukua springi nzima ya kalibu, akaisimamisha juu ya pini yake, kile chuma kifupi kinachopita katikati ya springi. Akaweka kibao juu, kisha ndoo, huku akiishika isianguke. Springi ikashuka kiasi cha theluthi, ikatulia. Akaiweka ya kiti. Ikalala kabisa, mizunguko ikagusana. Akaiweka ya lori. Haikutikisika.

"Umeona, Mama Asha? Ile imelala, hii imegoma. Ninyi mnataka ya wastani. Ibonyee inapokandamizwa, ibaki na nafasi, halafu irudi yenyewe. Ikibanwa mpaka mwisho kila mara, itachoka na kukatika."

"Dukani nitaijuaje?"

"Nenda na hii ya zamani. Urefu uwe uleule. Iingie katika tundu lake bila kusugua, na pini ipite katikati. Kisha ijaribu kwa mzigo uleule."

"Tununue moja?" aliuliza Selemani.

"Mbili, tena za aina moja. Ukichanganya mpya na iliyochoka, sakafu itapanda upande."

Kesho yake Zuhura alikwenda mjini kwenye duka la vipuri. Alibeba springi, pini, kibao, na ndoo.

"Mama, umekuja kununua springi au kuchota maji?" muuzaji alimtania.

"Yote mawili," Zuhura alijibu. "Naomba maji."

Muuzaji akamtolea springi nene. "Chukua hii. Hii haifi."

Zuhura akaitwika ndoo. Haikushuka. "Haifi, lakini haitanifanyia kazi," alisema. "Naomba ya wastani."

Walijaribu nyingine, na nyingine tena. Hatimaye moja ikashuka, ikatulia palepale iliposhuka ya zamani. Zuhura akanunua mbili. Nyumbani alizipaka grisi kwanza, ili kutu isizirudie.

Alhamisi Bibi Maendeleo aliuvuta mpini mwenyewe, kwa mkono mmoja. Alipouachia, sabuni ilipanda taratibu. Pembe zake zilikuwa nzima, na jina lilisomeka vizuri.

"Hongereni," alisema. "Fundi wenu ni nani?"

Watu wote wakamgeukia Selemani. Ndivyo walivyozoea.

Selemani akatikisa kichwa. "Mimi utingo tu, Bibi. Fundi ni Zuhura."

Hakusema Mama Asha. Alimtaja kwa jina lake, mbele ya watu. Zuhura alifurahi sana. Bibi Maendeleo aliaga na kuondoka, na kalibu ikabaki palepale uani.

"Felista," Zuhura aliita, "lete trei nyingine ya sabuni."