Siku Faida Alipocheka Darasani

Kila jioni nyumba ya Papa Anaclet, huko Panzi, ilijaa furaha. Faida, binti yake wa darasa la pili, alikuwa anasoma! Alisimama na kitabu cha shule mkononi na kumaliza ukurasa mzima bila kukwama. Baba alipiga makofi. Mkewe, Mama Gisèle, aliacha samaki waungue jikoni ili asikilize. Hata mgeni aliyepita kusalimia tu hakuponyoka. Alikalishwa, akasomewa.

Basi mwezi wa tano Mama Gisèle aliitwa shuleni. Aliambiwa kwamba huenda Faida akarudia mwaka, kwa sababu hajui kusoma.

"Mutoto yangu?" alisema kwa sauti ya juu. "Maître, ile kitabu yote anaisoma!"

Maître Télesphore, mwalimu wa darasa hilo, hakukasirika. Wanafunzi wake ni wengi sana, wanabanana kwenye madawati.

"Maman, mimi pia nilidanganyika," alisema. "Batoto wakisoma bote pamoja, sauti ya Faida njo inapita zote. Mademoiselle Eulalie njo aliona shida."

Eulalie ni msaidizi wa mwalimu, na alianza kazi baada ya Pasaka. Maître anapofundisha, yeye hupita kati ya madawati akiangalia nani anafuata somo. Kisha huwaita watoto pembeni, mmoja mmoja, asikie kila mtu anavyosoma.

"Maman, tuangalie pamoja," alisema Eulalie.

Akamwita Faida. Kitabuni mliandikwa: "Baba analima shamba. Mama anapika muhogo." Eulalie alichukua maneno hayo hayo, akaandika kwenye ubao mdogo: "Baba anapika muhogo."

Faida alitupa jicho ubaoni. Akasema kwa ujasiri: "Baba analima shamba!"

Mama Gisèle alikitazama kitabu, kisha ubao. Moyo ulimuuma.

"Kumbe ameshika kitabu kwa kichwa," alisema polepole. "Na sisi tunamupigia makofi!"

"Iko na akili mingi," alisema Eulalie. "Anasikia wenzake, anashika. Lakini herufi hajazijua bado. Sisi hatumupime juu ya kumuazibu. Tunamupima tujue penye anakwama. Ninamuambia Maître, naye anajua penye atarudilia somo."

"Lakini mwaka iko inaisha!"

"Bado tuko na wakati, maman. Maître ataendelea na darasa. Mimi nitakaa na Faida na wenzake kidogo. Somo ni lile lile, ila tunaenda polepole. Nyumbani mumuandikie maneno mapya. Akikwama, musimutajie. Mumungojee."

Kazi ikaanza, na ilikuwa tamu! Eulalie alikata makaratasi magumu, akaandika silabi juu yake. Watoto waliyapanga na kuyapangua mpaka neno likatoka. Kila wiki aliwasikiliza tena na kumweleza Maître. Waliokwisha kuelewa walirudi kwa wenzao. Nyumbani Papa Anaclet aliandika maneno kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, na Mama Gisèle, anayependa usafi kupita kiasi, hakusema neno.

Ikafika siku ya kupimwa. Mama Gisèle alisimama nje, dirishani. Maître alimpa Faida karatasi ambayo hajawahi kuiona.

"Mbu... zi. Mbuzi," alisoma Faida. "Mbuzi a... me... ku... la. Amekula."

Kisha akakwama. Mama Gisèle aliona neno kwa mbali, likamjaa mdomoni. Akajiziba kwa kiganja.

"Ko... fi... a. Kofia! Kofia ya... pa... dri."

Faida aliitazama karatasi tena. Macho yakamtoka. Ghafla akaangua kicheko.

"Maître! Mbuzi amekula kofia ya padri!"

Hakuna aliyemwambia acheke. Kicheko kilitoka kwenye karatasi, kikamwingia mwenyewe. Eulalie alishika mashavu kwa furaha, na watoto wote wakacheka.

Mama Gisèle aliingia bila kubisha hodi.

"Rudilia, mutoto yangu! Rudilia nisikie!"

"Ngoja kwanza, maman," alisema Faida akijifuta machozi. "Bado ninacheka."

Maître Télesphore alimgeukia Eulalie, naye akatikisa kichwa kukubali.

"Anapanda darasa la tatu," alisema Maître.

Kigelegele cha Mama Gisèle kilisikika mpaka barabarani.