Acom Kwenye Meza ya Wakwe

"Huyu anaitwa Phiona. Ananisaidia dukani."

Juliet aliyasema hayo akitabasamu, mkono wake ukiwa begani kwa dada yake wa tumbo moja.

Acom alidhani amesikia vibaya.

Wapendwa, hapa naomba mnifuate taratibu. Phiona ni jina lake la ubatizo, hilo ni kweli, lakini kwao Osukuru hakuna anayemwita hivyo. Na kwenye lile duka la Juliet hajawahi kuuza hata kitenge kimoja. Acom anauza mukene, wale dagaa wa Majanji, na Juliet ni mdogo wake. Wazazi walishafariki, wamebaki wao wawili.

Tena figo inayomweka Juliet hai ni ya Acom.

Juliet alipougua, uso ulimvimba hadi macho yakawa hayafunguki. Madaktari waliposema anahitaji figo ya ndugu, Acom hakwenda kuomba ushauri kwa mtu. Alipimwa, wakaona inafaa, akapanda kitandani. Mwanaume aliyekuwa amemposa akasema yeye hawezi kuoa mtu nusu, akaenda zake. Acom alilia, akanyamaza, akarudi kwenye mukene yake.

Na Juliet aliyaona yote hayo. Hilo mlishike.

Sasa turudi mezani. Ule mkahawa uko Tororo, wa Mchina mmoja aliyetoka Kanton, na watu huenda pale wakiwa na jambo. Vitambaa vyeupe, taa nyekundu, meza ya duara yenye kioo cha kuzungusha katikati. Jioni ile wakwe walikuwa wamevuka mpaka kutoka Busia ya Kenya kuja kumpokea Juliet rasmi. Kijana mwenyewe anaitwa Herbert, anashughulikia mizigo ya malori pale mpakani.

Juliet hakumwalika dada yake. Ni jirani, Adeke, aliyeona picha kwenye status ya Juliet akamwonyesha Acom. Acom akafikiri labda ni haraka tu, mdogo wake amesahau. Akavaa gomesi, lile gauni lake la kuendea harusi, akapanda boda, akaingia na furaha yake yote.

Akakutana na hilo la "ananisaidia dukani".

Mama yake Herbert, Mama Benedeta, ni mwanamke mkarimu, kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Alisema mfanyakazi wa Juliet ni mtoto wao pia, aletewe kiti. Juliet alimtazama dada yake kwa macho ya kuomba. Acom akayaelewa yale macho, au alidhani ameyaelewa. Akawaza, hawajui kama aliugua. Anaogopa wasimwite mgonjwa, wakamwacha kama mimi nilivyoachwa.

Basi akakaa. Akawa Phiona.

Chakula kilikuja bila kukoma. Bata wa kubanika mwenye ngozi ya kung'aa. Samaki mzima wa mvuke, juu yake tangawizi na vitunguu vya majani. Vile vitumbua vya nyama vinavyokuja kwenye vikapu vidogo vya mianzi. Kioo kilizunguka, kila mtu akachukua. Acom alichukua kidogo.

Mwishoni vikaletwa vibakuli vya kitu kitamu, embe iliyosagwa na tui la nazi. Mama Benedeta akachukua bakuli la kwanza kwa mkono wake, akamwekea Juliet, akasema bibi harusi aonje kabla ya wote.

Acom akamuuliza mhudumu kwa sauti ya chini vile vipande vilivyo juu ni nini.

Balungi.

Mnajua hospitali walimkataza Juliet kitu gani kuliko vyote? Balungi. Ukilila na zile dawa zake za kulinda figo, dawa inapanda kwenye damu kupita kiasi, inaweza kumharibu. Acom alikuwa ameyakariri maneno ya daktari kama sala. Na Juliet alikuwa anacheka na shemeji zake, kijiko tayari kiko njiani.

Acom angesema nini? Akisema "usile", watauliza kwa nini.

Alinyoosha mkono, akalivuta lile bakuli mbele ya bibi harusi, akaanza kulila yeye.

Dada mmoja wa Herbert akacheka, na wengine wakamfuata.

Acom akamnong'oneza Juliet kwa Kiteso kwamba kuna balungi. Juliet alisikia. Acom aliona kabisa kwamba amesikia, kwa sababu rangi ilimtoka usoni.

Halafu Juliet akageukia wakwe.

"Mnisamehe, Mama," akasema. "Hawa wasichana wa kijijini, ukiwaonea huruma ndio wanakuaibisha hivi."

Acom aliendelea kula. Angefanya nini kingine? Alilimaliza lile bakuli, machozi yakimshuka mashavuni, watu wakidhani ni aibu ya ulafi.

Mngedhani hapo ndipo ubaya ulipoishia. Bado.

Mama Benedeta alisimama kutoa neno. Alisema wao kama familia hawakutafuta mke mzuri wa sura, walitafuta mwenye moyo, na Mungu amewapa. Akasema kule kanisani ameshatoa ushuhuda wa huyu binti, na watu walilia. Kwamba Juliet alikubali kupasuliwa, akatoa figo yake, akampa dada yake aliyekuwa anakufa. Kwamba hata lile kovu alilonalo ni kovu la upendo. Na ingawa yule dada hakupona, Mungu aliona.

"Kabla hatujaomba," akasema, "tusimame kidogo kwa ajili ya marehemu."

Viti vikasogea. Watu wote wakasimama, vichwa chini.

Na Acom naye alisimama. Alisimama na wenzake kuombolezwa, mkono umeshika ubavu wake palipokatwa, mdomoni bado ana uchungu wa balungi.

Sasa alielewa yale macho yalikuwa yanaomba nini.

Walipokaa, aliuliza taratibu, "Mama, huyo dada aliitwa nani?"

Juliet alitazama sahani. Herbert ndiye aliyejibu, kwa upole kabisa, kwa mtu aliyedhani ni msichana wa dukani.

"Aliitwa Acom."

"Acom ni mimi," akasema. "Na figo ilitoka kwangu, haikuja kwangu."

Akavuta simu, akaweka mezani picha waliyopigwa wodini, vitanda viwili vimesogezwa, yeye na Juliet wameshikana mikono. Herbert aliichukua. Aliitazama, akamuuliza Juliet swali moja tu.

"Kwa nini?"

Juliet alilia. Alisema siku Herbert alipoliona lile kovu na kuuliza, yeye alimkumbuka yule aliyemwacha Acom. Akawaza, kama aliyetoa aliachwa, mimi niliyepewa, ninayeishi kwa vidonge, nani atanichukua? Akaigeuza habari, akasema yeye ndiye aliyetoa. Na mtu aliyetoa figo lazima aonyeshe aliyempa. Kwa hiyo akamuua kwa mdomo, akasema alikufa.

"Sikudhani itafika kanisani," akasema.

Acom hakungoja zaidi. Alisema tu, "Mimi nakwenda," akatoka.

Najua mnachongojea. Mnangojea niseme harusi ilivunjika.

Haikuvunjika.

Herbert alikasirika, akazima simu, kisha akarudi. Anampenda. Ugonjwa aliusamehe, uongo akausamehe. Mwenye shida alikuwa mama yake. Alikuja Osukuru mwenyewe, amevaa vizuri, akakaa kwenye mkeka wa Acom, akamwita mwanangu. Aliomba msamaha kwa kicheko kile cha mezani. Halafu akatoa kilichomleta.

Alimwomba asije kwenye harusi.

"Nilisimama mbele ya kanisa zima," akasema. "Watu wamefunga na kuomba kwa sababu ya ile habari. Nitasimamaje tena niwaambie nilidanganywa? Nionee huruma, mwanangu. Kwao wewe ulishapumzika."

Acom alimtengea chai. Alipomaliza kunywa, akamjibu.

"Harusini sitakuja, Mama. Lakini soko la Busia ni langu pia. Nitavuka na mukene yangu kama kawaida, na mtu akiniuliza jina nitamtajia."

Walifunga ndoa. Picha Acom aliziona kwenye simu ya Adeke, na mdogo wake alikuwa amependeza. Juliet hajampigia mpaka leo.

Ndugu zangu, sisemi usimsaidie wa kwenu. Acom mwenyewe ukimuuliza kama angetoa tena, anasema ndiyo, bila kufikiria. Mimi nasema hivi tu. Mtu anaweza kubeba nyama ya mwili wako ndani yake na bado akaona haya kukutaja jina. Ukimpa, mpe ukijua hilo, ili siku hiyo ikifika usianguke.

Juzi, sokoni upande wa Kenya, mama mmoja alisimama mbele ya beseni lake akamkodolea macho.

"Unafanana sana na mke wa Herbert."

"Ni mdogo wangu."

Yule mama akashika shavu. "Si alikuwa na dada mmoja tu? Yule aliyekufa?"

"Huyo huyo," Acom akasema, akachota mukene. "Nikupimie kiasi gani?"